Kitabu cha Langoni

Watu wakiniuliza nilifanya kazi gani bandarini, husema nilikuwa karani, na hapo huwa nimesema nusu ya kweli. Kweli yote ni kwamba niliandika kanuni ya ukurasa mmoja na nusu, na mtu akafa kwayo. Sikumtakia mabaya mtu yule. Hata jina lake sikulijua mpaka alipokuwa amelazwa chini, juu ya gunia. Lakini kanuni ilikuwa yangu, mwandiko wangu na wino wangu, na nimeishi nayo miaka hii yote bila kuisimulia nyumbani. Mke wangu ametangulia, watoto wana nyumba zao, hakuna tena wa kumwonea haya isipokuwa mimi mwenyewe.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Kampuni tuliyoifanyia kazi ilikuwa na maghala saba nyuma ya gati za Kilindini, na humo mliwekwa mahindi, kahawa, mashudu na ngozi zikingoja meli. Nafaka ikikaa huingia fukusi, na dawa ya fukusi ilikuwa gesi. Mafundi walikuja na mitungi yao na vinyago vya kufunika uso, wakaifungulia gesi ndani, wakafunga milango na kubandika karatasi kwenye kila ufa. Ghala lilikaa hivyo siku mbili, kisha likafunguliwa lipumue siku nzima, ndipo wapagazi wakaruhusiwa kuingia. Gesi yenyewe haikuwa na rangi wala harufu. Ukiingia kabla ya wakati wake, hujui kama umekosea mpaka miguu ikukatae.

Mtu ataniuliza, si mngeweka alama mlangoni? Alama zilikuwepo, fuvu na mifupa kwa rangi nyekundu. Ila zikishabandikwa, hakuna aliyejishughulisha kuzibandua. Ghala la Sita lilikuwa na fuvu lake miezi minne, na wapagazi wakilala ndani mchana juu ya magunia. Alama iliyodanganya miezi minne haisadikiwi siku inaposema kweli. Kwa hivyo uhai wa wale watu ulikuwa kwenye daftari. Nyapara, kabla ya kufungua mlango wowote, alipaswa kupiga simu ofisini aulize, na karani amsomee kilichoandikwa: lina dawa, linapumua, ama ruhusa.

Madaftari yalikuwa mawili. Kitabu kikubwa kilikaa ofisi ya juu, ghorofani, mbele ya mzee aliyekuwa karani pale tangu zama za gavana. Mzee huyo alikuwa maalim wangu. Alinisomesha Kurani chuoni kwake, mtaani Kuze, na hata nilipokuwa na mke na watoto wawili, nikikutana naye kichochoroni nilimbusu mkono. Kitabu cha pili kilikaa kibandani langoni, kwa karani wa Kirabai, mtu wa kanisani, mpole, mwenye mwandiko mzuri ambao sijauona mwingine mfano wake. Mzee akiandika mstari juu, alipiga simu langoni akausoma, na Mrabai akaunakili. Ofisi ya juu ikishindwa, kwa moto ama maradhi ama waya kukatika, kitabu cha langoni kingeshika kazi. Ndivyo ilivyokusudiwa. Jambo moja tu halikuandikwa popote, nalo ni nani wa kusema kwamba ofisi ya juu imeshindwa.

Siku moja wachimba mitaro wakaukata waya uliounganisha juu na langoni. Mrabai alipiga simu, hakujibiwa, akadhani juu kumeharibika, akaanza kuwajibu manyapara kutoka kitabu chake. Huku juu mzee naye alikuwa mzima, yuko kitini, akiwajibu wale waliopanda ngazi. Basi asubuhi nzima tulikuwa na vinywa viwili. Mzee alikubali Ghala la Pili lifungwe kwa dawa. Mrabai, asiyejua, akatoa ruhusa Ghala la Pili lipakuliwe. Mafundi walikuwa wamefungulia mtungi wa kwanza walipoona wapagazi wanaingia kwa mlango wa pili, wakiimba. Wote walitolewa mbio. Mmoja alitapika mpaka alasiri, lakini hakuna aliyekufa.

Meneja, Mzungu aliyekuwa akihesabu miezi yake ya kubaki, akaniita. Mimi nilikuwa msaidizi wake wa makaratasi. Akaniambia hataki tena vinywa viwili, niandike kanuni, na kanuni yenyewe niichague mimi kwa sababu nawajua watu. Nilitoka nimevimba kichwa.

Njia zilikuwa tatu, sote tuliziona. Ya kwanza, langoni washike kazi wenyewe kila juu kusipojibu kwa robo saa. Hiyo ndiyo iliyotaka kuua watu. Ya pili, vitabu visipopatana, ama visipoweza kusemezana, mlango wowote usifunguliwe, hata meli zikingoja. Ya tatu, langoni wasishike kazi mpaka juu kwenyewe kuwakabidhi. Mrabai alipendelea ya pili. Alisema kwa sauti yake ya chini, "Tusipojua, bwana, tusifungue. Meli haifi." Nikamjibu kwamba yeye anapata mshahara wake hata meli ikilala gatini mwaka mzima, ndiyo maana asema hivyo. Aliinamisha kichwa akacheka kidogo, nami nikajiona nimesema la maana.

Jibu nililipata msikitini. Alasiri moja, mtaani kwetu Kuze, imamu alitokwa na udhu katikati ya sala. Wasioijua dini hudhani hapo sala imevunjika, watu wametawanyika. Sivyo. Imamu alirudi nyuma hatua moja, akamshika mkono mtu aliyekuwa nyuma yake, akamsogeza mbele pale mahali pake, kisha akatoka. Yule wa nyuma akaendelea pale pale mwenziwe alipofikia, hakuongeza rakaa wala hakupunguza. Safu hazikutikisika. Nilipotoa salamu nilikuwa na kanuni yangu kamili. Hapakuwa na vinywa viwili wala dakika moja ya kutokuwa na imamu, kwa sababu mwenye nafasi ndiye aliyemvuta mrithi wake kwa mkono wake mwenyewe.

Niliiandika jioni ile ile. Kitabu cha langoni hakina neno mpaka ofisi ya juu ikikabidhi kazi kwa kauli yake. Kikishakabidhiwa, ofisi ya juu haineni tena mpaka irudishiwe. Meneja alipenda mfano wa msikitini, akanifanya nimsimulie mara mbili. Nikakusanya manyapara wote uani, nikawasomea, nikawauliza mmoja mmoja kama wamefahamu. Mzee alikuwa amesimama dirishani juu, akitabasamu. Alinambia baadaye, "Mashaallah, mwanangu, ile elimu haikupotea." Nilifurahi kwa maneno yale siku nyingi.

Mrabai peke yake ndiye aliyekuja na swali. Alingoja manyapara waondoke.

"Bwana, na huyo imamu akianguka?"

"Aanguke vipi?"

"Azimie. Asiweze kunyoosha mkono kumvuta mwenzake. Watu watasimama hivyo hivyo?"

Nikamwambia mambo ya sala aniachie mimi.

Hapa ndipo kisa changu kinaponuka. Swali lile lina jawabu, na jawabu nililijua. Mtoto wa chuoni alijua. Imamu akianguka, ama akatoka bila kumvuta mtu, walio nyuma humsogeza mmoja wao, ama mmoja wao akasogea mwenyewe, na sala ikaendelea. Mas'ala yale ya sala yana nusu mbili, na maalim alitufundisha zote siku moja, kwa bakora. Mimi niliiandika nusu ya kwanza nikaiacha ya pili. Sikuisahau. Niliiacha kwa sababu ya nani aliyekuwa nyuma. Kuiandika nusu ya pili kungekuwa kuandika kwamba Mrabai wa langoni, asiyekuwa Mwislamu, mtu tuliyekuwa na neno letu la kumwita sisi watu wa Mji wa Kale, neno nisilolirudia, anaweza siku moja kusogea mbele ya maalim wangu bila kuitwa. Kalamu ilikataa. Wakati ule nilijiambia naogopa vinywa viwili. Manahodha wengi chombo huenda mrama, nilisema, na nani atabisha? Methali ni nzuri kwa mtu anayetaka kuficha kitu.

Miezi kadhaa ilipita salama. Kisha mzee akaanza kupungua.

Kwanza ilikuwa msikitini, kwa maana siku nyingine yeye ndiye aliyetusalisha. Alikaa kwenye rakaa ya tatu kana kwamba ni ya nne. Nyuma tukasema, "Subhanallah," kama inavyopasa, akasimama. Wiki ile ile akarudia, nasi tukamrudisha tena, na sauti yangu ilikuwa miongoni mwa zilizosema. Mkubwa akikosea kwenye sala, kumkumbusha si utovu wa adabu. Nilitoka nje na viatu vyangu mkononi nikijua kabisa kwamba mzee hayuko sawa. Kesho yake nikaenda kazini nikamkuta kwenye kiti chake na kitabu kikubwa mbele yake, nikambusu mkono nikapita.

Jumamosi moja nilikuwa Marikiti nikichagua nanasi, Mrabai akanijia. Alikuwa amevaa shati la kutokea, nadhani alinitafuta makusudi. Alitoa karatasi mfukoni.

"Bwana, mara tatu wiki hii. Mzee alinisomea mstari kwa simu, nikaandika. Baadaye nyapara alipouliza, mzee akajibu kinyume. Nimeandika siku na saa."

"Wewe ndiye uliyekosea kunakili."

"Inawezekana mara moja. Mara tatu? Nafikiri anasoma kwa simu kabla ya kuandika, kisha anasahau kuandika. Kitabu changu kimekipita chake."

"Kitabu chako hakiwezi kukipita chake. Chako ni nakala."

Nakumbuka muuza mananasi alinitazama, kwa vile nilipandisha sauti. Nilimwambia Mrabai kwamba mzee yule alikuwa akishika kalamu kabla babake yeye hajavaa suruali, na kwamba akitaka kiti cha juu aseme wazi, asimchimbe mtu mzima. Alikunja karatasi yake mara nne, akairudisha mfukoni, akanambia, "Sitaki kiti, bwana. Nataka watu watoke kama walivyoingia." Alinunua ndimu tano, akaenda zake. Nilikwenda nyumbani na nanasi bovu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, asubuhi ya kawaida, joto limeanza mapema. Simu yangu ililia yapata saa tatu. Alikuwa Mrabai.

"Bwana, kikosi kinakwenda Ghala la Nne. Kitabu changu kinasema lina dawa tangu jana adhuhuri."

"Umempigia maalim?"

"Nimempigia. Anasema ruhusa."

"Basi?"

"Basi chake kimekosa. Jana niliwaona mafundi kwa macho yangu wakipita hapa na mitungi."

"Uliwaona wakiingia la Nne?"

"Niliwaona wakipita na mitungi. Sikuwafuata." Nilisikia anavuta pumzi. "Nipe idhini niwasimamishe. Neno moja tu, bwana. Wakiona sikukosea, sawa. Wakiona nimekosea, nifukuzeni."

"Amekukabidhi kazi?"

"Hajanikabidhi."

"Basi kaa kibandani kwako," nikamwambia, nikaiweka simu.

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba sijui tena niliyasema kwa sauti gani. Najua tu kwamba baada ya kuiweka simu sikutulia. Chumba cha mzee kilikuwa upande wa pili wa ukumbi, hatua ishirini kutoka mezani kwangu. Ningeinuka, ningekwenda, ningekifungua kitabu kikubwa nitazame, na watu wangesimamishwa bado wanabandua karatasi. Lakini mtu huingia vipi chumbani kwa maalim wake akamfungulia kitabu mbele ya uso wake, kana kwamba anamkagua mwanafunzi? Nilihitaji kisingizio. Nikakumbuka kahawa.

Nikaenda jikoni nyuma. Buli lilikuwa limepoa. Nikamwambia mpishi alitie moto, nikasimama nikingoja, nikatafuta kikombe kidogo kisicho na ufa kwa sababu mzee hakupenda kikombe chenye ufa. Nikaweka tende mbili kwenye kisahani. Robo saa, labda zaidi. Watu wanakwenda kuingia kwenye gesi, nami napanga tende.

Nikaingia na sinia. "Sabalkheri, maalim."

"Sabalkheri, mwanangu. Ndoo, karibu ndani. Umeniletea kahawa leo? Kuna nini?"

"Hakuna, maalim. Nimeona tu nikuletee."

Nikaiweka sinia kando ya kitabu, nikainama, na nikiinama nikasoma. Ghala la Nne: ruhusa. Tarehe ilikuwa ya juma lililopita. Chini yake palikuwa peupe. Mstari wa jana haukuwepo.

"Maalim, jana mafundi wa dawa hawakuja?"

Alifikiri. Uso wake ulikuwa mtulivu. "Walikuja. Walinambia walifunga la Nne. Nikampigia yule wa langoni, nikamsomea." Akatazama ukurasa. "Hapo adhana ya adhuhuri ikalia, maji ya udhu yangoja. N'kasema n'tarudi niandike." Akauweka mkono wake kwenye pale peupe. "Mbona siioni?"

Nilitupa kila kitu nikashuka ngazi mbio.

Mrabai hakukaa kibandani. Hilo nilikuja kulijua pale pale uani, kwa sababu nilimkuta katikati ya njia, hana kofia, anatokwa jasho. Alikuwa amemfuata nyapara mpaka mlangoni kwa Ghala la Nne, akamshika mkono, akamwambia lina dawa. Nyapara alimjibu kwa kanuni yangu, neno kwa neno kama nilivyomsomesha: wewe hujakabidhiwa, huna neno. Wapagazi walicheka. Wakabandua karatasi, wakaingia. Gesi haikuwaambia kitu. Walibeba magunia, wakatoka, wakaingia tena.

Nilipofika walikuwa wamemtoa mmoja. Wa kwanza kuanguka alikuwa mwishoni kabisa kwenye kona, na mwenzake alirudi kumchukua, akambeba begani mpaka mlangoni, naye akaanguka hapo. Aliyebebwa alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, ana kitambaa cha kijani kichwani. Mdomo wake ulikuwa na povu. Tulimwagia maji, mtu akasema maziwa, mtu akaenda kutafuta maziwa. Alikufa garini kabla ya kufika hospitali. Aliyembeba aliishi, lakini mikono yake ilitetemeka tangu siku ile na hakubeba tena gunia. Marehemu alikuwa na mke na watoto Majengo. Nilikwenda matangani, nikakaa barazani na wanaume wengine, nikapewa kahawa nikanywa. Hakuna aliyenijua. Kakake mkubwa alinishukuru kwa kuja.

Kampuni iliunda kamati, watu watatu na meneja. Walikaa siku mbili. Mzee hawakumwita, nilikuwa nimekwisha kusema ni mgonjwa, amelala nyumbani Kuze, na hilo lilikuwa kweli. Nilipokwenda kumtazama aliniuliza funguo za ofisi ziko wapi, akauliza tena, kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilikaa naye mpaka magharibi huku nikilia, naye akinipangusa machozi bila kujua kwa nini nalia. Mapenzi yangu kwake yalikuwa ya kweli. Nalisema hilo si kwa kujitetea, ila kwa kuwa ndilo lililonifanya niwe mwongo kwa wepesi zaidi.

Kamati ilimuuliza nyapara kama Mrabai alimwonya. Nyapara alikuwa na watoto sita. Alisema kulikuwa na kelele nyingi, hakusikia vizuri. Wakamuuliza Mrabai, kama alijua ghala lina dawa, mbona hakumjulisha mkubwa yeyote? Mrabai akasema amejulisha, akanitaja. Wakaniuliza mimi.

Nikasema, "Sikumbuki kama alinipigia. Asubuhi ile simu zilikuwa nyingi."

Sikusema hapana. Nilijipa heshima hiyo ndogo, ya mwizi anayeacha mlango umerudishiwa. Niliogopa nini? Niliogopa kufukuzwa, hilo kwanza, tusidanganyane. Niliogopa jina la maalim litembee vichochoroni kama jina la mtu aliyeua kwa usahaulifu. Na niliogopa kuulizwa mbele ya watu kwa nini kanuni yangu ilikuwa nusu. Mrabai alikuwa ameketi kiti cha pembeni. Alinitazama mara moja, kisha akatazama mikono yake. Walimwachisha kazi kwa kuacha kituo chake na kuvuruga amri uani.

Ijumaa akaja kunikabidhi vitu vya kibandani kwenye chumba cha chini, penye ngazi: funguo, muhuri, kalamu mbili, kitabu. Nilivipokea nimesimama. Sikuweza kumwambia aketi. Alikifungua kitabu kwenye ukurasa wa mwisho, akakigeuza upande wangu.

Mwandiko ulikuwa ule ule wake wa kunyooka. Ghala la Nne, lina dawa, Jumatatu adhuhuri, kwa simu kutoka juu. Chini yake: Jumanne, saa tatu na dakika tano, nimempigia karani wa ofisi ya juu, amesema ruhusa, nimebisha. Na chini yake tena: saa tatu na dakika nane, nimempigia msaidizi wa meneja, nimeomba idhini ya kuwazuia, amesema nikae kibandani. Wino wake ulikuwa umekauka siku tatu. Hata asiyejua hesabu angeona kwamba mstari ule uliandikwa kabla mtu hajafa.

Nikamuuliza, "Mbona hukuwaonyesha?"

"Niliwaonyesha. Walisoma kanuni kwanza. Wakasema kitabu cha langoni hakina neno mpaka kikabidhiwe." Alisema bila ukali, kama mtu anayeniarifu habari ya mvua. "Hawakukifungua, bwana."

Akangoja. Ninaamini alikuwa akinipa nafasi. Meneja alikuwa juu bado, milango imefunguliwa, tuliweza kusikia anakohoa. Ilitosha nipande ngazi na kitabu kile mkononi.

"Nami sasa nimekukabidhi wewe," akasema. Akavaa kofia yake, akanipa mkono, akatoka langoni kwa miguu kuelekea kivukoni. Nilimtazama mpaka alipopotea nyuma ya malori. Nikakifunga kitabu, nikakitia kwenye kabati la nyuma, chini ya madaftari ya zamani, nikafunga kwa ufunguo.

Jumatatu meneja aliniambia niandike kanuni upya. Nilimaliza kabla ya adhuhuri, kwa kuwa sikuwa na la kutafuta. Niliandika kwamba ofisi ya juu ikishindwa hata kukabidhi, karani wa langoni atasogea mbele mwenyewe, na neno lake litafuatwa. Niliandika kwamba vitabu vikitofautiana, mlango usifunguliwe na mtu yeyote kwa ruhusa ya yeyote, hata meli ikingoja. Meneja alisoma polepole, akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hii ni nzuri sana," akasema. "Mbona hukuiandika hivi tangu mwanzo?"

Nikamwambia halikunijia akilini. Akatia sahihi, nami nikashuka langoni kumsomea karani mpya.